Bia ya Watrapisti: hupikwa wapi, na nani, na fedha zake huishia wapi

Ukiingia duka lolote kubwa la vinywaji nchini Ubelgiji utakuta rafu nzima ya chupa zenye picha za wamonaki: mzee aliyevaa kanzu, bilauri mkononi, mnara wa kanisa nyuma yake. Nyingi kati ya hizo hazijaguswa na mmonaki hata mmoja. Leffe, kwa mfano, imebeba jina la abasia, yaani monasteri inayoongozwa na abati, ya kweli iliyo kando ya mto Meuse, lakini inapikwa na AB InBev, kampuni kubwa kuliko zote duniani katika biashara ya bia. Wakati huohuo huko Westvleteren, karibu na mpaka wa Ufaransa, wamonaki wa shirika la Kikatoliki la Watrapisti wanapika bia kwa mikono yao, na kwa miaka mingi chupa zao zilitoka bila karatasi yoyote ubavuni. Kila kilichotakiwa na sheria kiliandikwa kwenye kizibo.

Ndiyo maana mtu akiuliza bia ya Watrapisti ni nini, hujibiwa vibaya mara nyingi. Wengi hudhani ni aina fulani ya bia: nyeusi, nzito, kali. Lakini miongoni mwa bia za Watrapisti wa Ubelgiji, Orval ni chungu na kavu, ya rangi ya kaharabu. Tripel ya Westmalle inang'aa kama dhahabu. Rochefort 10 ni nyeusi, ina kilevi cha asilimia 11.3, na ladha yake inakaribia matunda yaliyokaushwa. Ukizipanga mezani hutaona udugu wowote kati yake. Udugu uko kwenye maswali ambayo ulimi hauwezi kuyajibu: imepikwa wapi, nani ana kauli ya mwisho, na faida inakwenda kwa nani. Ninashikilia kwamba majibu ya maswali hayo ndiyo mila yenyewe, na kwamba mapishi ni tunda lake tu. Asiyeliona hilo hawezi kuelewa kwa nini viwanda kadhaa vya bia hii vimefungwa au kupoteza jina katika miaka ya karibuni, huku wanunuzi wakiwa bado wanaitafuta.

Watrapisti ni akina nani

Mwaka 1098 kikundi cha wamonaki Wabenedikto kiliiacha monasteri yake na kwenda kuishi katika eneo la Cîteaux, Ufaransa, ili kuifuata Kanuni ya Mtakatifu Benedikto bila kuilegeza. Hao ndio waliokuja kuitwa Wasitoo. Karne tano na ushei baadaye, Wasitoo nao walikuwa wamelegea. Mwaka 1664 abati Armand-Jean de Rancé alianza kuirekebisha monasteri yake ya La Trappe, huko Normandy: kazi ngumu ya mikono, chakula kisicho na nyama, ukimya, sala ndefu. Waliofuata njia hiyo wakaitwa Watrapisti kwa jina la monasteri hiyo, na mwaka 1892 wakawa shirika linalojitegemea.

Hapa kuna jambo linalorudiwa sana bila ukweli. Watrapisti hawaweki nadhiri ya kutosema. Nadhiri zao ni kudumu katika monasteri moja, kuongoka siku zote, na utii. Ukimya ni desturi yao, na wanaitunza kwa bidii, lakini mpikaji akihitaji kumwambia mwenzake kwamba pipa linavuja, atamwambia.

Mapinduzi ya Ufaransa yaliwatawanya. Baadhi walikimbilia Uswisi mwaka 1791, na kutoka huko wengine wakaelekea kaskazini. Monasteri ya Westmalle, karibu na Antwerp, ilianzishwa mwaka 1794 na kundi la wakimbizi wa aina hiyo. Kwa hiyo anayezungumzia bia hii kama urithi usiokatika tangu zama za kati anakosea. Rochefort ina kumbukumbu ya kupika bia tangu mwaka 1595, ni kweli, lakini hata hapo kazi ilikatika, na kiwanda cha sasa kina mizizi yake mwaka 1899. Nyingine ni za karne ya 19 na ya 20. Ni mila ya watu waliofukuzwa, wakarudi, wakajenga upya.

Kwa nini bia

Jibu limo ndani ya Kanuni, kitabu kidogo cha karne ya 6 ambacho Wabenedikto wa Peramiho, Ndanda na Hanga huko kusini mwa Tanzania wanakifuata hadi leo. Sura ya 48 inasema kwamba watawa ni wamonaki kweli wanapoishi kwa kazi ya mikono yao. Sura ya 66 inataka monasteri iwe na mahitaji yake ndani ya uzio: maji, kinu, bustani, ufundi mbalimbali. Sura ya 53 inaagiza kila mgeni apokewe kama Kristo mwenyewe. Jamaa wanaofuata maagizo hayo matatu kwa dhati watahitaji kitu cha kuuza, mahali pa kukitengeneza, na kinywaji cha kumpa mgeni.

Kuhusu kinywaji chenyewe, sura ya 40 ina uungwana wa ajabu. Benedikto anasema divai haiwafai wamonaki, lakini kwa kuwa wamonaki wa siku zake hawashawishiki kuiacha, basi wanywe kidogo, na anataja kipimo cha siku. Aliandika kwa ajili ya Italia, penye zabibu. Katika nchi za baridi, ambako mizabibu haistawi, kinywaji cha kawaida cha mkulima kilikuwa bia. Watrapisti wa Westmalle waliruhusiwa kunywa kinywaji cha kienyeji wakati wa chakula, na abati Martinus Dom akaamua kwamba watajipikia wenyewe. Bia yao ya kwanza ilipelekwa mezani tarehe 10 Desemba 1836. Ilikuwa ya kwao tu. Kuuza langoni kulikuja baadaye, na mpaka leo wamonaki wengi wa Westmalle, wakinywa, hunywa bia nyepesi iitwayo Extra, isiyofika hata asilimia 5, na siyo ile kali ambayo dunia inaisifu.

Sura ninayoiona kuwa ya muhimu kuliko zote katika habari hii, na ambayo haitajwi sana, ni ya 57. Inahusu mafundi. Benedikto anasema vitu vya monasteri vikiuzwa, ulafi usiingie kwenye bei, na bei iwe chini kidogo kuliko ile wanayotoza watu wa nje, ili katika yote Mungu atukuzwe. Agizo hili lina umri wa karibu miaka 1,500. Nitalirudia tukifika Westvleteren.

Jinsi inavyopikwa

Anayejua pombe ya kienyeji ya nafaka atashangaa jinsi hatua zinavyofanana. Shayiri inalowekwa mpaka iote, kisha inakaushwa. Hicho ni kimea, kazi ileile inayofanyiwa ulezi wa mbege. Kimea kinasagwa na kuchanganywa na maji ya moto ili wanga ugeuke sukari, na maji matamu yanayopatikana, togwa ya shayiri, yanachemshwa pamoja na maua ya hopsi yanayotia uchungu na harufu. Yakipoa hutiwa hamira.

Tofauti na bia kama Tusker au Kilimanjaro ni mbili. Bia hizo hutumia hamira inayofanya kazi kwenye baridi, polepole, na kutoa ladha safi isiyo na mambo mengi. Hamira ya Watrapisti hufanya kazi kwenye joto, na ndiyo inayozaa harufu za ndizi, karafuu na matunda ambazo mtu hudhani zimetiwa kwa mkono. Pili, bia haikamiliki kiwandani. Inapojazwa kwenye chupa huongezwa sukari na hamira kidogo, kizibo kinafungwa, na uchachukaji unaendelea humohumo. Gesi yake hutokana na hapo. Hamira iliyolala chini ya chupa ni hai, na chupa iliyohifadhiwa vizuri hubadilika ladha kwa miaka.

Wapikaji huongeza pia sukari ya kiazisukari, wakati mwingine ikiwa imeunguzwa mpaka ikawa kahawia. Sukari hiyo yote huliwa na hamira, hivyo kilevi hupanda bila bia kuwa nzito mdomoni. Na ukali huu una sababu nyingine ambayo haihusiani na watawa kabisa. Mwaka 1919 Ubelgiji ilipitisha sheria ya Vandervelde iliyokataza pombe kali kuuzwa kwenye baa. Wanywaji waliokosa jenever, pombe kali ya nchi hiyo, wakatafuta bia yenye nguvu, na soko hilo likafunguka kwa kila mpikaji. Tripel ya Westmalle, ya asilimia 9.5, ilianza kupikwa miaka ya 1930, na wapikaji wengine wengi, wa monasteri na wa nje, wakaiga.

Orval inastahili kukaa nayo kidogo. Monasteri ya awali ilichomwa na majeshi ya mapinduzi mwaka 1793, ikabaki magofu kwa zaidi ya karne. Ujenzi mpya ulianza mwaka 1926, kazi kubwa mno kwa watu wasio na fedha, kiasi kwamba Ubelgiji ilitoa stempu maalumu za kuichangia. Kiwanda cha bia kilianzishwa mwaka 1931 kwa lengo hilohilo: kulipia mawe na mafundi. Mpikaji wake wa kwanza hakuwa mmonaki. Alikuwa Mjerumani aitwaye Pappenheimer, aliyeajiriwa, na msanifu majengo Henry Vaes, aliyechora monasteri mpya, akachora pia bilauri ambayo bia hiyo hunywewa hadi leo. Bia yenyewe hulowekewa hopsi mara ya pili ikiwa baridi, mbinu ya Kiingereza, na hutiwa hamira ya mwituni iitwayo Brettanomyces, ambayo wapikaji wengi duniani huiogopa kama uchafu. Ikiwa changa, Orval inanukia hopsi na ina uchungu mkali. Baada ya mwaka mmoja uchungu umepungua na harufu imekuwa ya ngozi na nyasi kavu. Kuna baa Ubelgiji zinazokuuliza unataka changa au iliyokomaa.

Sheria na nembo

Bia hii ilipopata sifa, jina lake likaanza kuchukuliwa. Wapikaji wa kawaida waliandika neno Trappist kwenye chupa zao bila kumwomba mtu ruhusa. Mwaka 1962 mahakama ya biashara ya Ghent iliamua kwamba neno hilo haliwezi kutumiwa kama jina la kawaida la aina ya bia, kwa kuwa linamwambia mnunuzi kwamba bia imetoka kwa watawa. Wapikaji wa nje wakabaki na maneno kama bia ya abasia, na hapo ndipo akina Leffe na Grimbergen wanapopatikana. Bia ya abasia inaweza kuwa nzuri sana, na baadhi yao hulipa abasia fulani kwa kutumia jina lake. Ni mkataba wa jina, basi.

Mwaka 1997 abasia nane, sita za Ubelgiji, moja ya Uholanzi na moja ya Ujerumani, ziliunda Chama cha Kimataifa cha Watrapisti na kuweka nembo ya pembe sita. Ili bia iipate, lazima ipikwe ndani ya kuta za monasteri au jirani nayo kabisa, na wamonaki au chini ya usimamizi wao. Kazi ya bia lazima iwe ya pili, nyuma ya maisha ya sala, na iendeshwe kwa namna inayolingana nayo. Mapato yalipie maisha ya watawa na matengenezo ya majengo, na kinachobaki kiende kwa wenye shida na kazi za jamii. Huko Chimay, Ubelgiji, kwa mfano, kuna mfuko ulioanzishwa mwaka 1996 unaotumia faida kusaidia maendeleo ya wilaya inayoizunguka monasteri.

Sharti la mahali si la maneno tu. Rochefort walikwenda mahakamani kupinga kampuni ya machimbo ya chokaa iliyotaka kuchimba kina zaidi jirani na chemchemi yao, na mwaka 2021 wakashinda kwenye mahakama ya rufaa ya Liège. Kampuni ya kawaida ingehamishia kiwanda penye maji mengine. Mtu aliyeweka nadhiri ya kudumu mahali pamoja hana mlango huo.

Kuna lawama inayotolewa mara kwa mara, kwamba viwanda vikubwa vya Watrapisti vimejaa waajiriwa wa kawaida, na mmonaki yuko kwenye bodi tu. Ni kweli kwamba Chimay na Westmalle, kila kimoja, hutoa zaidi ya hektolita 100,000 (lita milioni 10) kwa mwaka, na hizo hazitoki kwenye mikono ya watawa wachache wanaoamka usiku wa manane kusali. Chimay hata chupa hujazwa nje, katika kijiji cha Baileux. Hata hivyo naona lawama hiyo inapima kitu kisicho sahihi. Orval waliajiri mpikaji wa nje tangu siku ya kwanza. Kinachopaswa kuulizwa ni kama watawa wanaweza kusema basi, imetosha, na wakasikilizwa. Koningshoeven ya Uholanzi, inayopika La Trappe, ilivuliwa nembo mwaka 1999 ilipoingia mkataba na kampuni ya bia iitwayo Bavaria, kwa sababu haikuwa wazi nani anaendesha. Ilirudishiwa mwaka 2005, mkataba ulipowekwa sawa.

Westvleteren na neno kutosha

Monasteri ya Mtakatifu Sixtus, inayopika bia ya Westvleteren, ilianza mwaka 1831, na bia yake kabla ya muongo kuisha. Baada ya Vita Kuu ya Pili abati wake aliona kiwanda kinawala wamonaki muda wa sala. Mwaka 1946 haki ya kupika kwa ajili ya soko ikakodishwa kwa mtengeneza jibini wa kijiji jirani cha Watou, na watawa wakabaki kupika kiasi cha kujitosheleza na kuuza langoni. Mkataba uliisha mwaka 1992, kwa kuwa bia iliyopikwa nje ya kuta haikustahili tena kuitwa ya Watrapisti. Leo wanatoa kama hektolita 6,000 kwa mwaka.

Mwaka 2005 tovuti moja ya wapenzi wa bia iliitaja Westvleteren 12 kuwa bora kuliko zote duniani. Magari yakapanga foleni barabarani, waandishi wa habari wakaja, kila mtu akasubiri kiwanda kipanuliwe. Watawa wakakataa. Maelezo yao yalikuwa mafupi: wanapika ili waishi kama wamonaki, na kiasi wanachopika kinatosha. Mnunuzi alipiga simu kuweka oda, akatoa namba ya gari, akapewa kreti chache, akaahidi kutouza tena. Tangu mwaka 2019 oda zinawekwa kwenye intaneti, na ahadi ni ileile. Mwaka 2018 duka moja la Uholanzi lilipouza chupa kwa karibu euro 10, wakati langoni ilikuwa chini ya euro 2, watawa walilalamika hadharani. Mfanyabiashara yeyote angefurahi kuona bidhaa yake imepanda thamani mara tano. Wao waliona sura ya 57 imevunjwa.

Waliwahi kulegeza mara moja. Majengo ya monasteri yalikuwa yamechakaa, na mwaka 2011 na 2012 waliuza pakiti maalumu madukani Ubelgiji na nchi za nje. Fedha za ujenzi zilipopatikana, mauzo hayo yakakoma.

Habari hizi zina tawi katika upande wetu wa dunia. Scourmont, monasteri ya Chimay, ndiyo iliyoanzisha monasteri ya Mokoto huko Kivu Kaskazini mwaka 1954, ambayo watawa wake walilazimika kuikimbia katika machafuko ya mwaka 1996. Koningshoeven ilianzisha Lumbwa, Kenya, mwaka 1956. Baada ya ghasia za uchaguzi jamaa hiyo ilihamia Uganda mwaka 2008.

Wapikaji wapo, watawa hakuna

Tatizo linaloikabili mila hii sasa halina uhusiano na ladha wala soko. Vijana wa Ulaya na Marekani wanaoingia monasteri ni wachache mno. Abasia ya Spencer, Massachusetts, ya kwanza Marekani kupika bia yenye nembo, ilianza mwaka 2013 na kufunga kiwanda mwaka 2022. Engelszell ya Austria ilianza mwaka 2012, na mwaka 2023 jamaa yenyewe ikatangaza kuondoka kwa kuwa watawa waliosalia walikuwa wachache na wazee. Wapo walioanza kupika pia: Mount St Bernard, Uingereza, waliouza ng'ombe wao wa maziwa kwa sababu bei ya maziwa haikulipa, walianza kuuza bia yao ya Tynt Meadow mwaka 2018.

Kisa kinachoeleza zaidi ni cha Achel, kwenye mpaka wa Ubelgiji na Uholanzi. Wajerumani waling'oa shaba ya kiwanda chake katika Vita Kuu ya Kwanza, na bia haikupikwa tena hapo mpaka mwaka 1998. Kiwanda kikastawi, lakini watawa wakapungua hadi wa mwisho wakaondoka, na usimamizi ukawa chini ya Westmalle, kwa mbali. Mwanzoni mwa mwaka 2021 nembo ikaondolewa. Mwaka 2023 eneo lote likauzwa kwa mfanyabiashara. Bia ya Achel bado inapikwa palepale, ndani ya kuta zilezile. Haiitwi tena ya Watrapisti.